Avenyu ya nkambo haiko ku telefone

Leo sitaandika juu ya wafalme wala juu ya vita. Nitaandika juu ya avenyu moja ya Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, na juu ya siku yenye nilijaribu kumutembeza mama mukubwa mu avenyu ile kupitia telefone, nikashindwa. Kushindwa kule kulinifundisha juu ya muji wetu kitu chenye sikukipata mu darasa lolote la iniversite.

Mama mukubwa anaishi Kolwezi. Alizaliwa Katuba, akakomalia pale, akaolewa, akahama. Imepita myaka mingi bila kurudi: magoti inauma, barabara inachokesha, na sasa macho inaanza kuingia ukungu. Muganga alisema ni katarakte. Siku moja nilikuwa kwake, akaona niko naangalia ramani ku telefone. Akaniuliza:

— Mwanangu, wanasema ku ile kitu mutu anaweza kutembea mu barabara sawa vile anatembea na miguu. Ni kweli?

— Ni kweli, mama.

— Basi unipeleke kwetu. Nione tena ile muembe yetu mbele macho hayajazimika.

Nilikuwa na mega za kutosha. Nikaketi pembeni yake, tukaanza safari.

Gari yenye kamera ku kichwa

Mbele ya kuendelea, nieleze kidogo juu ya wale wenye hawajatumia kitu hiki. Mu mwezi wa 5 mwaka wa 2007, kampuni ya Google ilianza kuonyesha foto za barabara za miji 5 ya Marekani: San Francisco, New York, Las Vegas, Miami na Denver. Gari inapita mu barabara na kamera juu yake. Kamera zinakamata foto pande zote, kisha kompyuta inazishona pamoja, na weye mwenye uko kwako unaweza kugeuka kushoto na kuume kama vile umesimama palepale. Watu walilalamika juu ya sura zao kuonekana, basi tangu 2008 kampuni ikaanza kuzifunika na ukungu. Hapa Afrika, inchi ya Afrika ya Kusini iliingia mu 2010, mwaka wa Kombe ya Dunia. Mu 2014 wakaongeza kitu chenye kilinifurahisha sana miye mutu wa historia: unaweza kurudi nyuma, kuona kona ileile namna ilikuwa myaka yenye ilipita. Duka yenye ilifungwa bado iko wazi. Nyumba yenye ilibomolewa bado imesimama.

Mahali gari haikupita, mutu yeyote anaweza kutia foto yake mwenyewe ya muviringo. Ku ramani unaona alama mbili. Mustari wa bluu, maana yake gari ilipita. Nukta ya bluu, maana yake mutu mumoja alisimama pale na kamera yake.

Mu njia yetu, mustari haukukuwa. Kulikuwa nukta.

Tulianzia mu ville, juu kule nukta zilikuwa mingi. Pale ku Poste mama mukubwa akatabasamu. Akaona kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, akasema alibatizwa mutoto wake wa kwanza mule. Akaona mabenki, mahoteli, vioo vipya mu majumba yenye alijua zamani na mbao. Kisha akaniambia tufuate njia ya nkambo, ile yenye alikuwa anafuata kila jioni akitoka ku kazi. Tukaelekea upande wa reli. Nukta zikaanza kupunguka. Tukapata moja upande wa stade ya Mazembe, mu Kamalondo. Tukaendelea, na nukta zikaisha. Katuba tuliiona kutoka juu tu, sawa vile ndege inaiona: mabati ya kutu, mabati mapya, vivuli vya miti. Nilijaribu kukaribia zaidi, foto ikavunjika kuwa vipande vya rangi.

— Kwetu haiko?

— Kwetu iko, mama. Ni foto njo haiko.

Alicheka kidogo, kisha akageuza uso. Nilisikia haya kama vile kosa ilikuwa yangu.

Mupaka wa zamani

Usiku ule usingizi haukukuja. Nilikuwa najiuliza: juu ya nini foto zinaishia upande ule wa reli? Pole pole nikaanza kukumbuka masomo.

Muji wetu ulianzishwa mu 1910 na jina la Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Emile Wangermée, mwenye alikuwa mukubwa wa serikali mu Katanga, njo alisimamia kuuchora: avenyu pana, zenye zinakatana sawa mistari ya daftari ya hesabu, kwa mufano wa Bulawayo kule Rhodesia. Mwaka uleule reli ilifika kutoka kusini. Mu 1911 Union Minière du Haut-Katanga, kampuni yenye ilizaliwa mu 1906, ikaanza kuyeyusha shaba karibu na muto Lubumbashi. Muji ulichorwa juu ya wazungu. Mwafrika aliletwa juu ya kazi, lakini alipaswa kulala mahali pengine.

Mu myaka ya 1920 wakasogeza cité ya Waafrika mbali zaidi, na katikati wakaacha eneo tupu la mita mia kadhaa, lenye waliita zone neutre. Sababu yenye walitoa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria asiruke kutoka kwa watu weusi mupaka kwa wazungu. Ile cité njo Kamalondo ya leo. Zamani iliitwa Albert. Kisha ikakuja Kenya, na kisha Vita ya Pili ya Dunia ikafuata Katuba na Ruashi. Usiku Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kubakia mu muji wa wazungu bila karatasi ya bwana wake.

Nkambo wangu alikuwa boi. Asubuhi mbele ya jua alivuka, jioni akarudi. Alijua ile njia kuliko wale wenye waliichora. Na sasa, myaka makumi kisha yeye kufa, foto zilituacha karibu palepale penye mupaka wake ulikuwa.

Tuelewane vizuri. Sisemi ya kama kampuni ya Marekani ilifungua ramani za Wabelgiji mbele ya kufanya kazi. Hapana. Sababu ya leo ni ingine. Zile nukta zinatiwa na wenye mahoteli, wenye marestora, wageni wenye wanatembea, vijana wenye telefone nzuri na mega. Watu wale wanapatikana zaidi mu ville. Avenyu zetu ni za udongo, mvua inazichimba, na hakuna mugeni anakuja kuzipiga foto. Hakuna mutu mwenye alikaa akaamua Katuba isionekane. Lakini mupaka unajichora tena wenyewe, juu pesa inafuata barabara zenye pesa ilichimba zamani.

Kuko kitu kingine chenye kilinichoma. Usiku uleule nilitafuta Bruxelles. Kule mustari wa bluu uko karibu mu kila barabara. Nikasimama upande wa Porte de Namur, pembeni ya Matonge yao, mahali penye tangu tarehe 30/6/2018 kuko uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Lumumba aliuawa tarehe 17/1/1961 hapa Katanga, si mbali na Lubumbashi. Kwa kidole changu ninaweza kusimama ku uwanja wake Ulaya. Ku mulango wa nkambo wangu, mu muji wenye nilizaliwa, siwezi.

Watu wenye walitembea mbele ya gari

Asubuhi mama mukubwa aliniambia: «Chukua karatasi.» Akafunga macho, akaanza kutembea.

Alisema: ukiacha barabara ya godro, unahesabu avenyu, unaingia ku kuume. Ku kona ya kwanza kuko robine, wamama wamepanga ndoo. Kisha nyumba ya fundi mushoni, mashine yake iko ku baraza. Kisha nyumba ya muke mwenye anauza munkoyo, usipite pale na uniforme ya masomo, juu atakutuma kuchota maji. Kisha parsele yetu, na muembe mbele. Watu hawaiite avenyu na jina la ku plake. Wanaiita Robine.

Niliandika kurasa mbili na nusu. Kila wakati nilipouliza «kisha?», alinyoosha mukono kuonyesha upande, na macho yamefungwa.

Pale njo nilikumbuka kitabu kimoja chenye wengi wetu tulisikia jina lake ku fakilte bila kukifungua. Mu 1965, mutu mumoja wa hapa, André Yav, aliandika historia ya Elisabethville mu Kiswahili chetu, Kiswahili cha hapa, si cha ku pwani. Kinaitwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Aliiandika kwa ajili ya chama cha wale wenye walikuwa wafanyakazi wa nyumba za wazungu: maboi, wapishi, wenzake nkambo. Watu wale waliona muji kupitia mulango wa nyuma. Walijua nani anakaa wapi, nani anapiga watu, na majina yenye Waafrika waliwapatia mabwana bila wao kujua. Mu 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na Kalundi Mango, na leo watu wa mbali wanaisoma. Watu wenye hawakuwa na ruhusa ya kulala mu muji njo waliandika muji.

Na hawakuwa peke yao. Mu myaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yetu na rangi. Moja ya mambo yenye alichora ni mauaji ya tarehe 9/12/1941, siku yenye askari walipiga masasi wafanyakazi wa Union Minière wenye walikuwa mu grève, ku uwanja wa mpira. Fikiria kidogo: gari yenye kamera ikipita leo pembeni ya uwanja kama ule, itaonyesha nini? Nyasi na milingoti. Tshibumba alionyesha siku.

Tangu 2000 vilevile, kikundi cha «Mémoires de Lubumbashi», pamoja na maprofesa kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU na Bogumil Jewsiewicki, kiliingia mu makartie kukusanya habari na vitu vya watu wa kawaida. Na mu 2014, Madaktari Wasio na Mipaka walihitaji ramani ya Lubumbashi, juu ukipigana na magonjwa kama kolera lazima ujue mugonjwa anatoka avenyu gani. Watu wa kujitolea mu inchi za mbali walichora barabara na mapaa kutoka ku foto za satelite. Kisha wanafunzi wa hapa kwetu wakachukua makaratasi, wakaenda kwa miguu kuuliza majina ya avenyu. Juu satelite inaona paa, jina haiioni. Jina liko mu kinywa cha mutu.

Nikaenda kwa miguu

Kisha kurudi Lubumbashi, nilingojea siku ya yenga, nikachukua kurasa za mama mukubwa, nikaenda Katuba. Kwanza nilipita kwa chef wa avenyu, nikamueleza. Alisoma kurasa zote polepole, akasema: «Huyu mama anaona vizuri kuliko miye.»

Pale penye robine ilikuwa, leo kuko kabine ya kuuza unite na kutuma pesa, chini ya parasoli. Nyumba ya fundi mushoni imezungukwa na ukuta murefu, juu yake vipande vya chupa. Niliona kitu chenye sikuwaza mbele: hata kama gari ya kamera ingepita, mu avenyu mingi ingeonyesha kuta tu. Zamani ilikuwa muchongoma ao maua, unapita unasalimia watu ku baraza. Leo unasalimia portai.

Mama mumoja alikataa kabisa nipige foto. Akaniuliza: «Foto ni ya nini? Munataka kuuza parsele ya watu?» Kijana mwenye alinisindikiza alimucheka. Miye sikucheka. Yule mama ana haki. Mu muji huu parsele moja inaweza kuwa na karatasi mbili na wenyewe watatu. Na mu Katanga hii kuko nyumba zenye familia za watu wa Kasai ziliacha mu myaka ya 1992 na 1993, siku zenye walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Mu nyumba zile watu wengine waliingia, watoto wakazaliwa, wakakomaa. Foto ya nyumba ni kitu kidogo kwa mwenye kuipiga. Kwa mwenye kulala ndani inaweza kuwa kesi. Basi nilifuta foto yenye nilikuwa nimekwisha kupiga, mbele ya macho yake, tukaachana vizuri.

Muzee mumoja, mwenye aliishi pale tangu utoto, alinionyesha kiti. Nikamusomea kurasa. Akatikisa kichwa: «Robine ilikuja nyuma. Sisi wa kwanza tuliita hii avenyu na jina la kapita mwenye alipewa nyumba ya kwanza. Watoto wenye walizaliwa kisha njo walianza kusema Robine.» Kumbe avenyu moja ilikuwa na majina matatu: moja ya komine, moja ya watoto wa robine, moja ya wazee. Kila jina lilikuwa na watu wake na wakati wake. Wale wa jina la tatu, ku avenyu ile, alibakia yeye na dada yake.

Mwishowe nilifika kwetu. Parsele ya nkambo imegawanywa mara tatu, na portai tatu. Mu ile ya katikati waliniruhusu kuingia. Muembe haiko. Kuko kisiki, wametia simenti juu yake, mutoto alikuwa ameketi pale anakula muhogo.

Nilipiga foto 22, bila sura za watu. Kisiki sikukipiga. Nikazituma Kolwezi ku telefone ya binamu yangu. Jioni mama mukubwa akaniita. Alikuwa ameziangalia moja moja, telefone karibu na pua. Alitambua kona. Alitambua daraja ndogo ya mufereji. Aliuliza fundi mushoni alikufa mwaka gani. Kisha akasema lile swali lenye nilikuwa naogopa:

— Na muembe?

Nikamuambia. Kulikuwa kimya, nikazani mutandao umekatika. Kisha akasema:

— Basi uandike ya kama ilikuwako. Foto haitasema.

Kazi yenye tunaweza

Wenzangu wenye diplome, sisi tulisoma. Wengi wetu tunangojea kazi, tunazunguka na dosie mu mukono. Lakini kuko kazi moja yenye haihitaji konkuru wala mutu wa kukupitisha: avenyu moja. Yako. Ile yenye unapita kila siku bila kuiangalia.

Uende kwanza kwa chef wa avenyu. Utembee muchana, si peke yako. Uache makambi ya askari na polisi. Haina faida ulale mu kasho juu ya foto. Uache sura za watu, na penye mutu anakataa, uheshimu. Ukipiga foto, uandike tarehe, juu kisha myaka 10 tarehe njo itakuwa mali. Ukitaka, uzitie ku ramani za wote kama OpenStreetMap ao Mapillary, ile yenye ilianza Sweden mu 2013 na inapokea foto za barabara kutoka kwa mutu yeyote mwenye telefone. Lakini hata daftari inatosha. Kitu cha lazima ni kinywa cha mutu: umutafute mwenye anakumbuka jina la kwanza ya avenyu, umusomee yenye mwengine alisema, umuache akusahihishe. Wakipingana, uandike zote mbili.

Labda siku moja gari yenye kamera itafika Katuba. Ikuje, nitafurahi. Lakini itakuta kisiki, na itapita. Haitajua ya kama mutu aliketi chini ya kivuli pale, akitoka kuvuka mupaka wenye hakuchora, akingoja watoto wamuletee maji ya robine.

Mama mukubwa anangojea kupasuliwa jicho la kuume. Nilimuahidi, kisha pale, kama barabara na magoti vinaruhusu, tutaenda pamoja. Muzee wa avenyu anamungojea. Anasema wana ugomvi wa kumaliza juu ya lile jina.

Na kwenu je? Avenyu yenu ilikuwa inaitwa namna gani mbele ya kupata jina la leo? Ulize nyumbani jioni hii, mbele wazee hawajalala, kisha utuandikie hapa.